Kijani cha Ngazini Hakiogopi Chumvi

Siku ile kijiweni Kiwalani walikuwepo watatu kabla hajafika wa nne. Alikuwepo Mashaka muuza kahawa, birika lake juu ya mkaa. Alikuwepo Twalib Injini, fundi pikipiki, ambaye kwake kila tatizo la dunia ni plagi chafu. Alikuwepo Leodegar, aliyeitwa Profesa kwa kuwa alilinda mlango wa maabara ya chuo miaka sita. Asiyekuwepo ni Bi Mwanakombo, na ndiye Mashaka aliyekuwa akimwaza. Kila baada ya alasiri bibi huyo alishuka ngazi tatu za uchochoroni na sahani ya kashata, akagawa, kipande kikubwa akimpa aliyenuna. Wiki mbili zilizopita aliteleza kwenye ngazi ya chini, penye kile kimea kifupi cha kijani, laini kama zulia, kinachoota penye unyevu. Akateguka mguu. Tangu hapo hakushuka tena, na kijiwe kikaapa kukiua kijani kile kwa chumvi, konzi mbili kila asubuhi.

— Juzi kilikuwa kahawia, mie nikasema kimekwisha, — alisema Twalib. — Leo kibichi kuliko mwanzo!

— Kilijifanya, — akajibu Leodegar. — Hiki kitu kina akili.

— Akili kiweke wapi, hakina hata kichwa!

— Na wewe unacho, umeweka nini?

Mashaka akacheka kidogo huku akimimina, macho yake kwenye ngazi.

— Nawaambia kinakunywa chumvi kama pikipiki inavyokunywa oili, — Twalib akaendelea. — Tumekifanyia sevisi ya bure!

— Acha hizo, Injini. Kule maabara niliona kwa macho yangu. Kina figo.

— Figo!

— Ndogo ndogo. Chumvi ikiingia, kinakojoa.

— Ndo maana panateleza!

Hapo akapita Avelina, mwalimu wa sayansi aliyehamia nyumba ya jirani mwezi ule.

— Za saa hizi, kaka zangu?

— Salama, mwalimu. Kaa utuamulie, — akasema Leodegar. — Hiki kijani kina figo au hakina?

Avelina akainama, akakigusa kwa kidole.

— Kijani hiki kinaitwa kuvumwani. Hakina figo, lakini Profesa hajakosea sana. Chumvi ikizidi nje, inavuta maji yatoke ndani ya mmea. Basi mmea unatengeneza sukari na vitu vingine vya kuyashika maji yasitoke. Chumvi iliyoingia, nyingine unaisukuma nje, nyingine unaifungia pembeni isiudhuru.

— Sukari? — Twalib akaruka. — Yaani sie tunakitilia chumvi, chenyewe kinajipikia kashata!

Hata Avelina akacheka. Kisha akatazama beseni la vikombe.

— Haya maji unachota wapi, kaka Mashaka?

— Kisimani hapo nyuma.

— Ya chumvi?

— Ukiyanywa unakunja uso.

— Na ukishaosha vikombe, unayamwaga wapi?

Mashaka akaonyesha kwa kidevu ngazi ya chini.

— Basi umekizoesha. Kimeonja chumvi kidogo kidogo, kikajiandaa. Asubuhi mnakitilia konzi mbili, jioni unaziosha, na maji unakinywesha.

— Mashaka! — Leodegar akapiga kofi paja lake. — Kumbe adui unamlea mwenyewe!

Mashaka akaliweka birika chini. Wiki mbili alikuwa akimwaga chumvi kwa hasira kuliko wenzake wote, kumbe aliyemwangusha bibi ni yeye. Twalib akamwona uso.

— Asilaumiwe mtu mmoja, — akasema haraka. — Mie mwenyewe nanawa mikono pale pale kila siku.

Ulikuwa uongo mtupu. Twalib hanawi mikono, anafuta kwenye suruali. Mashaka alilijua hilo, akamjazia kikombe mpaka ukingoni.

— Na bibi mwenyewe anaendeleaje? — akauliza Avelina.

Twalib akamtazama Leodegar. Leodegar akatazama birika. Mlango wa Bi Mwanakombo ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale, na ulionekana.

— Nauliza, mguu umepona?

Hakuna aliyejua. Katika siku zote zile za kumzungumzia, hakuna aliyepanda kwenda kumuuliza.

Kesho yake baada ya alasiri, benchi la kijiwe lilikuwa juu ya ngazi, mlangoni kwa Bi Mwanakombo, na liko huko mpaka leo.