Dada Mkubwa na Mlango Wake

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, wa kwanza kati ya watoto sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa mtunza stoo, mama fundi cherehani. Sisi wadogo zake tulimwita Dada Mkubwa, na cheo hicho alikifanyia kazi: kuogesha, kulisha, kuamua ugomvi.

Baada ya sekondari ya wasichana alijiunga na chuo kikuu, akahitimu mwaka 1975 katika historia ya zama za kati. Alitafiti watawa wa kike wa karne ya kumi na mbili, waliojifungia katika vyumba vidogo wakasali na kutunga tenzi. Mama aliuliza kama watu hao hawakuwa na wadogo zao wa kulea.

Alifundisha historia miaka thelathini na moja. Mashairi aliyatunga akipiga pasi, akihesabu mizani kwa sauti, na mama akimkatiza kutoka kwenye cherehani: “Ubeti huo unachechemea. Rudia.” Naye alirudia, na hivyo zikapatikana diwani tatu.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala. Walijaliwa watoto wawili, wakaongezewa wazazi wetu waliozeeka na wapwa wasiokwisha. Dada aliomba kitu kimoja tu: chumba chenye mlango, apate kusali na kuandika. Alipostaafu mwaka 2006, shemeji alimtengenezea mlango wa mbao nzito. Alijifungia humo mwezi mzima asiandike hata mshororo. Siku moja akatoka.

“Ung'oe, baba watoto. Nilidhani humu nitamsikia Mungu. Nawasikia ninyi tu, na siwaoni.”

Shemeji aliung'oa, akauweka karakanani. Diwani ya nne iliandikwa katika chumba kisicho na mlango.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua. Miaka mitano ya hospitali ilituchosha sote, na ninalisema hilo hapa kwa kuwa yeye hakupenda maiti apakwe sukari ya maneno. Tulipotaka kumrudishia mlango apate usingizi, alikataa, akisema tutachoka kuufungua. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, wajukuu wakigombana sebuleni. Hatukuwanyamazisha.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na sisi wadogo zake watatu tuliobaki.

Mfuniko wa jeneza mnaouona ndio ule mlango. Shemeji aliupiga randa jana kwa mikono yake, tundu la kitasa akaliziba kwa kipande cha mbao. Tulimsihi awaachie mafundi wengine, yeye akae. Akasema, “Aliukataa akiwa na nguvu. Sasa amechoka, hatakataa.”

Dada Mkubwa, tunaufunga. Pumzika kwa amani. Sisi tupo hapa nje.