Niru Imeshasagwa

ASTERIA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, hapa kuna kelele.

MAYALA: Mimi, Mayala, shemeji yako. Niko Kagongwa, mashineni. Kelele za nini hizo?

ASTERIA: Shikamoo shemeji. Ngoja nizime blowa, napuliza vumbi. (Blowa inazimika.) Haya, nimekuweka spika, mikono ina kazi.

MAYALA: Marahaba. Watoto?

ASTERIA: Wazima. Loveness yuko shule.

MAYALA: Tushukuru. Sasa nimepigiwa na mtu wa hapo Ngokolo. Anasema unaifumua gereji ya marehemu mdogo wangu Mihayo, vumbi mpaka—

ASTERIA: Siifumui. Natengeneza sakafu nipake epoksi.

MAYALA: Epo nini?

ASTERIA: Epoksi. Rangi ngumu ya sakafu. Oili ikimwagika unafuta na tambara, basi.

MAYALA: Si tulikubaliana msibani? Hiyo ni stoo yangu ya mchele. Mchele ukae kwenye harufu ya rangi?

ASTERIA: Mlikubaliana ninyi. Mimi nilikuwa chumbani nalia.

MAYALA: (mtandao unakwaruza) ...sikusikii...

ASTERIA: Nimesema nilikuwa nalia.

MAYALA: Ah. Haya, kama ni urembo, si kuna ile rangi nyekundu ya kopo, unapaka tu na—

ASTERIA: Niliipaka mwaka jana, juu ya niru, hii saruji laini ya juu. Bajaji ya kwanza kuingia, tairi la moto, likaondoka nayo. Niru inateleza kama sahani, rangi haipati pa kushika. Kosa langu lilikuwa hilo.

MAYALA: Usiiseme vibaya niru ile. Niliisugua mwenyewe, kwa magoti, na mwiko, mpaka ukiinama unaona uso wako. Mihayo akaniambia, kaka, hapa ni pako. Sakafu hiyo ni yangu, Asteria.

ASTERIA: Ilikuwa yako.

MAYALA: Maana yake nini?

ASTERIA: Niru haipo, shemeji. Nimekodi grenda, nimeisaga yote. Jana nikajaribu na maji. Zamani yalikuwa yanakimbia, jana zege limeyanywa. Leo sakafu imekauka.

(Mashine ya mpunga inanguruma kwa mbali.)

MAYALA: Umeisaga.

ASTERIA: Yote.

MAYALA: Kwa ruhusa ya nani?

ASTERIA: Yangu. Anayewabadilishia watu oili hapa ni mimi. Mihayo akiwa hai nilikuwa chini ya gari pamoja naye. Wewe ulikuwa unakuja Krismasi.

MAYALA: Yaya, yaya, hapana. Simamisha hapo hapo. Kesho nakuja na wazee wa ukoo. Tutakaa humo humo gereji, milango imefungwa. Mambo ya ukoo si ya barabarani.

ASTERIA: Haisimami. Nimeshachanganya makopo mawili, rangi na dawa ya kuigandisha. Hii haingoji kikao, nikiiacha inakuwa jiwe ndani ya ndoo. Rola iko mkononi.

MAYALA: Asteria. Weka chini hiyo rola.

ASTERIA: Naanza kona ya ndani, narudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

MAYALA: Utajuta. Mwanamke anayeshindana na ukoo—

ASTERIA: Shemeji, tangu Mihayo afe mimi ni kuogopa tu. Nikisikia gari limesimama nje, naogopa. Nikiona namba yako, naogopa. Nimechoka. Leo napaka.

(Mtandao unakwaruza.)

MAYALA: Kesho tutaingia tu.

ASTERIA: Kesho itakuwa haijakomaa, hapakanyagwi. Lakini karibuni. Viti nitavipanga nje, mbele ya duka la Mama Salome, pale wanapopaki bodaboda. Wazee waseme mbele ya watu kwamba mjane wa Mihayo atoke, mchele uingie. Nami nitajibu hapo hapo.

MAYALA: Barabarani?

ASTERIA: Barabarani.

MAYALA: Sasa... wazee nao tusiwasumbue. Tuongee mimi na wewe tu, kindugu.

ASTERIA: Uliwataja wewe, waje.

MAYALA: Shemeji, sikiliza, salio linaisha, nisikilize kwanza—

ASTERIA: Njooni mapema, jua halijakuwa kali. Huko nje hakuna kivuli.

MAYALA: Asteria, mi—

(Simu imekatika.)