Mwalimu wa Vyuma na Mkwewe Nyuma ya Kitenge

Ndugu waombolezaji, mimi Ignas, mdogo wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu wenye sauti nzuri wote wanalia, kwa hiyo mnivumilie.

Stanslaus Bujiku Magesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1985 huko Maganzo, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza mwaka 2000, na hatutamsingizia kwamba alifaulu, maana hata yeye hakuwahi kudai hivyo.

Mwaka 2006 alikwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu, dhahabu ikamkimbia, akaangukia kibarua kwenye karasha la kusagia mawe, na huko akaokota gololi kubwa za chuma za kusagia zilizochakaa, akazichomelea mipini, akawa anazirusha mbele na kuzirudisha katikati ya miguu, mazoezi aliyoyaona kwenye simu yakiitwa ketobeli. Watu walisema amerukwa na akili, mpaka migongo ya wachimbaji ilipoanza kupona, ndipo wakamwita Mwalimu.

Tarehe 9 Julai 2011 alifunga ndoa na Paskazia, binti wa Mama Melania wa Kolandoto, wakajaliwa Noela na Sostenes. Hapo ndipo shughuli ilipoanza, kwani mama mkwe hakumwelewa mwanaume mzima anayenyanyua chuma na kukirudisha pale pale alipokitoa, na mwaka 2018 akamchukua binti yake hadi mume apate kazi inayoeleweka. Kaka yangu alikonda, jamani, gololi zikaota kutu.

Lakini Mungu si Athumani, mwaka huo huo mgongo wa mama mkwe ukagoma, jembe likamshinda, daktari akamwagiza mazoezi, na mwalimu alikuwa mmoja tu. Sasa mtu atamwambiaje mama mkwe atoe makalio nyuma? Haisemeki! Kwa hiyo kitenge kikatundikwa katikati ya ua, marehemu akasimama huku akilitazama zizi, mama kule na gololi yake, Paskazia akawa anabeba maelekezo, na yale ya makalio yalimfikia mama kama ombi kwamba aufunge mlango wa banda kwa kuusukuma kwa nyuma yake, kama mtu ambaye mikono imejaa kuni. Mvua iliponyesha mama alilima mwenyewe, Paskazia akarudi kwa mumewe.

Novemba 2024 marehemu aliugua figo, akalazwa Kolandoto, na mama alifika kila siku, akasimama nje ya pazia kwa heshima, akimtuma Paskazia amwambie mwalimu abane tumbo, avute pumzi, asikate tamaa. Kaka yangu alituacha tarehe 2 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji, nanyi wenzake wa karasha mliochimba kaburi, ambalo kwa mazoea yenu limezidi kina, lakini hatulalamiki.

Asubuhi hii Mama Melania ameniomba nimfikishie marehemu ahsante yake, nikamjibu kwamba leo hakuna pazia, aende mwenyewe, naye ameketi pale kando ya jeneza, na gololi yake iko miguuni.

Mwalimu, chuma tumekiweka chini, sasa pumzika kwa amani.