Nicanor Odero, Aliyepiga Gitaa Akiangalia Ukuta

Marehemu Nicanor Odero alizaliwa tarehe 14 Machi 1996, Gatwekera, Kibera, mtoto wa pekee wa marehemu Morris Odero na marehemu Joan Amondi. Nyanya yake, Aoko, ndiye aliyempokea. Anasema mtoto alitoka, akaona watu walivyojaa chumbani, akataka kurudi.

Alisoma shule ya msingi hapo Kibera hadi 2010. Mwalimu akiuliza swali, aliandika jibu kwa karatasi, akampa jirani alisome.

Mwaka 2014 alihamia Kawangware, eneo liitwalo 46, akawa fundi wa kuchomelea milango. Gitaa lake la umeme alilipata limevunjika shingo, akaliunga kwa chuma. Mtu asiyeitika salamu mara mbili, lakini alipiga roki mpaka akina mama wa Riruta wakatoka mbio kuanua nguo, wakidhani ni ngurumo.

Bendi yake ilidumu miezi minane. Onyesho la tatu, Agosti 2019, lilikuwa Kibera, naye alipiga akiangalia ukuta, kama kawaida. Mjomba wake Osewe hakujua roki. Alijua desturi ya kwao: muziki ukikuingia, unausimamisha, unajisifu, kisha unaendelea. Akaruka: “Simamisha hapo, fundi! Mimi Osewe, kifaru wa Gatwekera! Nikikohoa, vilima vya Ngong vinasogea!” Nicanor, aliyekimbia sherehe tangu utotoni, alidhani anafukuzwa. Akachomoa waya, akaenda zake. Tangu hapo alipiga akiwa amejifungia.

Mwaka 2021 alimwoa Immaculate Mideva, jirani aliyemsikiliza kupitia mabati mwaka mzima kabla ya kumwona uso. Walibarikiwa na binti, Amondi.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua. Nyanya aliogopa kifo, lakini aliogopa zaidi mjukuu aondoke na uchungu uliomfanya ajifungie. Akamuuliza mbona anajificha.

“Dani,” alisema, akimwita nyanya kwa Kijaluo, “watu walinikataa.”

“Mjinga wewe! Nani husimamisha muziki mbaya ajisifu? Huo, mtu anaukimbia! Osewe alikuheshimu kuliko anavyomheshimu mke wake.”

Nicanor alicheka mpaka akashika mbavu. Jumamosi, 18 Januari 2025, alifungua mlango, akageuza kiti, akawapigia majirani wa ploti nzima. Walimsimamisha mara kumi na moja. Kila mara alingoja, akitabasamu, mtu amalize uongo wake.

Alifariki tarehe 2 Februari 2025. Ameacha mke wake Immaculate, binti yake Amondi, nyanya yake Aoko na mjomba wake Osewe.

Kwa Baba kuna makao mengi. Apewe penye mlango, afungue akipenda mwenyewe, na apumzike kwa amani.