Uso wa Ndella Wajadiliwa Nje

Nauza kahawa ya Touba kwenye benchi lililo nje ya nyumba yetu, hapa Thiès. Asubuhi ile wateja wangu walikuwa na kesi moja tu: dada yangu Ndella. Siku nne zilikuwa zimepita tangu atibiwe makovu ya chunusi kwa dawa ya kubandua ngozi, na uso wake ulikuwa mwekundu, ngozi inabanduka. Muuguzi alimwonya asipigwe na jua kwa majuma mawili, ajifunike na apake mafuta ya kukinga jua, la sivyo makovu yatarudi meusi kuliko mwanzo. Lakini siku hiyo mama wa Birame, mchumba wake, alikuwa anakuja kutoka Kaolack kumwona mkwewe kwa mara ya kwanza, na mama huyo hataki hata kusikia habari ya mkorogo wa kujichubua. Na kwetu, msichana mwenye uso mwekundu, mtandio hadi machoni na mwavuli mchana, haulizwi kitu. Amejichubua.

Balozi, jina alilolipata kwa kulinda lango la ubalozi Dakar, alitaka Ndella akampokee mgeni kituoni, uso wazi.

— Akijificha, uchumba umevunjika. Samaki mkunje angali mbichi. Ngozi changa ipeleke juani mapema, izoee.

— Wewe yako imezoea nini zaidi ya benchi? aliuliza Redio, tunayemwita hivyo kwa sababu hazimiki.

Redio alieleza kirefu kwamba jua la siku hizi si lile la utotoni mwake, limeongezwa makali.

— Dawa ya moto ni moto. Apakwe siagi ya shea, akae juani mpaka iyeyuke yote.

— Utamkaanga mtoto wa watu, alisema Mama Kodou, muuza maandazi. Mwambieni mgeni ana surua. Surua haina aibu.

Niliwakumbusha maneno ya muuguzi. Wakaniambia, Maty, mimina kahawa. Hata hivyo walimpenda Ndella. Balozi alikuwa ameshamletea kofia yake ya majani, na Mama Kodou alikuwa amewafukuza wasengenyaji wawili.

Mama mmoja mrefu, mwenye mfuko begani, alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Alitusalimia, tukamwitikia. Akasema yeye ni Soukeyna, mama wa Birame, amewahi basi la alfajiri.

Redio alinyamaza.

— Nimewasikia, alisema Mama Soukeyna. Mwanangu alishaniambia habari ya hiyo tiba. Sasa, huo uso bado unamuuma?

Balozi alimtazama Mama Kodou. Mama Kodou alinitazama mimi. Siku nne nilikuwa nimempelekea dada yangu maji, mtandio na maneno ya watu, na hilo sikuwahi kumuuliza.

Mama Soukeyna hakungoja. Alivua viatu mlangoni, akaingia kumuuliza mwenyewe.