Fuvu la Udongo Halikumuua Mwalimu Ambokile

Kabla hatujamshusha kaburini, yasikike maisha ya marehemu kama yalivyokuwa, si kama yanavyosimuliwa nyuma ya turubai tangu juzi.

Mwalimu Ambokile alizaliwa Tukuyu tarehe 14 Machi 1979. Alisoma hukohuko hadi sekondari, akapata stashahada ya ualimu mwaka 2005. Januari 2006 alipangiwa hapa Nyambureti kufundisha baiolojia. Wenzake walimwambia ataomba uhamisho mapema, hakuomba kamwe.

Somo alilolipenda ni wanyama waliotoweka, hasa Borophaginae, nusufamilia ya mbwa wa kale wa Amerika Kaskazini, ambao baadhi yao walivunja mifupa kwa meno. Shule haikuwa na mfano, akafinyanga fuvu la udongo, mama Mokami, mfinyanzi wa hapa kijijini, akamchomea pamoja na vyungu vyake. Siku ya kwanza ya kulitumia alibanisha mfupa wa mbuzi kwenye taya za fuvu hilo. Mbwa wa mlinzi akaingia darasani, akauchomoa na kutoka nao mbio. Mwalimu alicheka hadi akakaa chini, akasema angalau mmoja ameelewa somo. Lakini mitaani likawa fuvu la fisi, na kwetu hapa anayetunza fisi huitwa mchawi.

Tarehe 19 Desemba 2009 alifunga ndoa na Ghati, wakajaliwa Elibariki na Goodness.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa kufanya kazi. Hapa ndipo panapouma. Kikao cha ukoo wetu, sisi wakwe zake, kilidai fuvu ndilo linalomroga, kikaamua asipelekwe hospitali kubwa mpaka livunjwe. Mwalimu akakataa, miezi ikapotea bure. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, na daktari alitamka wazi kwamba ni figo. Hata hivyo jana wazee wawili wa ukoo walikuja na nyundo kulivunja. Ghati alikuwa amekaa mlangoni, fuvu mapajani.

“Shikamooni, baba zangu,” alisema. “Huyu mbwa alikwisha kabla babu wa babu zenu hawajazaliwa. Mume wangu kauawa na figo, na ninyi mlimchelewesha. Fuvu hili ni la wanafunzi wake.”

Wazee wakaondoka bila kuitikia salamu. Ni aibu, na isemwe hivyo hapahapa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mama yake mzazi Sarah, na wanafunzi wengi, akiwemo Mwalimu Joram, ambaye Jumatatu atafundisha kwa fuvu hilohilo.

Mwalimu Ambokile apumzike kwa amani. Waliomsingizia wasipumzike mpaka wamwombe Ghati radhi.