Mama Subiri na Salamu ya Chumba cha Chini

Daktari mkuu wa mafunzo anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na minane katika hospitali hii. Madaktari vijana wanaosomea ubingwa humwita Mama Subiri, na mwenyewe anajua.

Alipofika, mtu alihitimu kwa kumaliza miaka yake tu. Yeye akaupangua utaratibu huo. Akaandaa mafunzo ambayo husogei hatua mpaka uonekane kwa macho ukiiweza kazi, hata ukirudia mara kumi. Wengi walinuna.

Mazoezi huanzia chumba cha chini, jirani na chumba cha maiti, kwa mdoli wa mpira tunayemwita Bibi. Bibi hupumua kwa umeme na hafumbi macho. Kabla ya kumgusa, lazima umwamkie, kisha usubiri kwa muda ambao mzee mgonjwa angehitaji kuitikia. Wakubwa walicheka kwamba tunafundisha watu kusalimia mpira. Kikao kikaitwa cha kulifuta zoezi hilo.

Kijana mmoja mrefu alikuwa amerudishwa mara nne, kwa sababu aliamkia huku mikono imeshafika kifuani mwa Bibi. Wiki ileile ya kikao, mchana kweupe, mimi mhudumu wa usafi na machela nilisukuma machela yenye bibi kizee aliyeletwa kutoka nyumbani kwake, mwili wa baridi, amefunikwa uso. Kijana huyo alitakiwa athibitishe kifo tu. Akafunua shuka.

"Shikamoo, bibi."

Akasubiri. Nilitaka kumwambia, mwanangu, huyu si mdoli. Ndipo ule mdomo mkavu ukafunguka.

"Marahaba."

Mimi niliiachia machela. Kijana akaidaka. Siku chache baadaye bibi kizee yule aliondoka kwa miguu yake, akilalamika kwamba chai yetu haina sukari. Kikao hakikukaa. Jioni ya siku ile alipoitikia, nilimpigia simu mama yangu, aliye mbali sana, nimwamkie tu.

Wiki iliyopita Mama Subiri alishuka kumuaga Bibi. Nilikuwa napiga deki. Alimsalimia, akasubiri muda mrefu kuliko alivyowahi kumdai mwanafunzi yeyote, akazima umeme, akanikabidhi ufunguo wa chumba.

"Kaka, ukiingia umwamkie."

Namwamkia kila asubuhi. Ingawa umeme umezimwa, kifua chake huendelea kidogo kupanda na kushuka. Fundi anasema ni hewa iliyobaki. Nasubiri, halafu nafagia haraka.

Mama Subiri, asante kwa kutufundisha kutomwacha mtu kabla hajajibu. Tunakuombea mapumziko mema na umri mrefu, na kila utakayemsalimia huko akuitikie, ilimradi awe na pumzi.